Pumzi Kwenye Waya

Kabla hamjaendelea, nivumilieni kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na ingawa kazi yangu ni ya kuandika, nimeandika zaidi kwa kubonyeza vitufe kuliko kwa kalamu. Kalamu inanichosha. Ukurasa mmoja naweza kuuanza wakati wa chai ya asubuhi nikaumaliza jua likiwa utosini. Herufi zangu zinalala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na zile l na r, sisi watu wa Ihumwa, huwa zinatuponyoka. Palipokosewa, someni nilichokusudia.

Nataka kueleza habari za mzee mmoja aliyekuwa akitupikia chai ofisini, na jinsi alivyosubiri habari za binti yake aliyelazwa Dar es Salaam. Lakini itanibidi nianze na kazi yangu, maana kazi yangu ndiyo iliyokuwa imeziba njia ya habari hizo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi, na ofisi nazo zikaanza kupata kompyuta. Mimi nilikuwa nimejifunza kupiga chapa kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa na taipureta yake barazani karibu na mahakama, akiwaandikia watu barua na maombi yao. Nilikaa naye tangu nimalize shule. Sikuwa mwepesi. Ila nilikuwa sikosei, na kwa kuwa nilikuwa naona haya hata kumtazama mteja usoni, macho yangu yalibaki kwenye karatasi. Ofisi moja iliyokusanya habari za mazao ya mkoa ilipotafuta kibarua wa kuingiza takwimu, mama mdogo alinipeleka kwa mkono, akanisemea yeye. Mimi nilisema "shikamoo" tu, na nilipoulizwa kama nitaweza, nikatazama viatu vyangu. Wakanichukua.

Karatasi zilikuja kutoka tarafani zikiwa na vumbi: uwele kiasi gani, mtama kiasi gani, karanga, zabibu. Mimi niliziingiza kwenye kompyuta, na kufika jioni zilikuwa zimekuwa faili. Faili hilo lilitakiwa lifike kwenye kompyuta kuu iliyokuwa Dar es Salaam. Kompyuta kuu sijaiona mpaka leo. Niliambiwa inajaza chumba kizima na ina kiyoyozi chake peke yake, na kwamba mikoa yote inapeleka habari kwake. Zamani faili lilikwenda kwa treni, ndani ya disketi, na mara nyingine disketi ilifika imepinda kwa joto, au haikufika. Ndipo wakatuletea modemu, kisanduku kama nusu mkate, cha kupitisha faili kwenye waya wa simu.

Ofisi yetu ilikuwa na waya mmoja tu wa simu. Ulipoingia ndani uligawanyika: ncha moja ilikwenda kwenye meza ya mama aliyekuwa mkuu wa ofisi, kwenye simu nyeusi ya kuzungusha. Ncha ya pili ilipita kwenye tundu la ukuta wa mbao ikaja chumbani kwangu, kwenye kile kisanduku.

Mtaalamu alikuja kutufundisha, akaongea haraka, nusu Kiingereza, akaondoka na treni. Nilichokishika ni hiki. Kibodi yangu ilikuwa moja, lakini ilizungumza na kompyuta mbili. Nikishaunganishwa, kila nilichoandika kilikwenda kwenye ile kuu, kana kwamba nimeketi Dar. Nikibonyeza vitufe fulani viwili kwa pamoja, narudi kwenye yangu ndogo, niko Dodoma. Kosa la wengi lilikuwa kusahau wako wapi. Kuamuru kulikuwa na mpangilio wake: kwanza naenda kwa ile kuu, naiambia RECEIVE, yaani ikae tayari kupokea. Halafu narudi kwangu, naandika SEND, yaani tuma, na jina la faili. Ukianza kutuma kabla ile kuu haijaambiwa ipokee, faili linapotea hewani.

Karani mwenzangu alikuwa akichanganya hayo kila mara. Mimi sikuchanganya, kwa sababu nilijiwekea hesabu ya nyumbani. Mgeni mkubwa akija kula, binti wa nyumba hammwagii maji tu. Unapiga goti na beseni, unamngoja anyooshe mikono, ndipo unamimina. RECEIVE ni kunyoosha mikono. SEND ni kumimina. Ukimimina mapema, umelowesha mkeka. Nilikuwa nimewanawisha wageni tangu nikiwa mdogo, na goti langu lilijua mambo hayo hata kabla sijaambiwa.

Faili likianza kwenda, modemu ilipiga mluzi kwanza, kisha ikashusha sauti, ikawa inavuma na kukwaruza kama pumzi ya mtu aliye usingizini. Kompyuta ililikata faili vipandevipande. Ilituma kipande kimoja, ikangoja ile kuu iseme nimepata, ikatuma kingine. Kwa kila kipande kilichofika salama nukta moja ilitokea kwenye kioo. Kipande kikiharibika njiani, ile kuu iliomba kirudiwe, na badala ya nukta ikatokea alama ya asilimia. Alama chache hazikuwa na neno. Zikizidi, mashine zote mbili zilikata tamaa, na kazi ikaanza upya.

Kila mkoa ulipewa saa yake. Yetu ilikuwa tangu saa mbili hadi saa tatu asubuhi.

Sasa yule mzee. Alikuwa mtu wa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, mrefu, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata kiangazi. Alifika kabla yetu sote, akawasha jiko nyuma ya ofisi, akachemsha chai, kisha akapita na chupa kubwa yenye maua, kuanzia kwenye meza ya mama. Mimi nilimwita babu na yeye aliniita mjukuu. Tulikuwa watu wawili tusiopenda maneno, kwa hiyo tulipatana. Aliniwekea kikombe upande wa kushoto, mbali na kibodi, bila kuambiwa na mtu.

Binti yake wa mwisho alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Kule milimani wengi wanalo na wanazeeka nalo, lakini la huyu lilikuwa limegeukia ndani likaanza kumbana koo. Akilala, mzee aliniambia, alikoroma kama mvukuto wa mhunzi, na kuna nyakati mvukuto ulisimama, wote nyumbani wakaamka. Mwisho madaktari wa Dodoma walimwandikia kwenda Dar akapasuliwe. Mpwa wa mzee, anayeishi kule, alikwenda kumpokea, akaahidi atapiga simu ofisini kwetu asubuhi, akitoka wodini kumpelekea mgonjwa uji. Mama mkuu wa ofisi alikubali simu yake itumike. "Mzee, ikilia wewe pokea tu," alimwambia. "Hata kama nina mgeni."

Wiki ilipita simu haikulia. Mzee hakulalamika. Ila kila mtu aliyepita alimwuliza, "Vipi, mzee, wamepiga?" na yeye akajibu, "Bado. Mungu hajachelewa."

Wiki ya pili faili langu likaanza kukatika.

Siku ya kwanza nilidhani ni waya wa njiani, maana ulipita porini kwenye nguzo za kila aina. Siku ya pili tena. Nukta zilianza vizuri, zikajipanga, kisha ghafla asilimia, asilimia, asilimia, kioo chote, halafu kimya. Nikaanza upya, zikaenda kidogo, zikakatika. Saa tatu ikagonga, zamu yetu ikaisha.

Karani, ambaye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na kwa hiyo mtani wangu, hakuniacha nipumue.

"Nilisema mimi," alisema akiegemea mlangoni. "Kazi ya mashine umpe Mgogo? Wenyewe wamezoea kuswaga ng'ombe. Faili limekimbia, dada. Chukua fimbo ulifuate, utalikuta Morogoro linakunywa maji."

Kwa kawaida nilicheka tu nikitazama chini. Siku hiyo sijui nini kilinipata. Nikasema, polepole, "Ninyi si wapagazi tangu babu zenu? Libebe kichwani ulipeleke."

Hakuna aliyetegemea. Kisha mama akacheka ofisini kwake hadi tukamsikia kupitia mbao, na karani mwenyewe akashika kichwa akasema, "Jamani! Kumbe anaongea!"

Lakini baada ya kicheko mama aliniita. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, Dar wanauliza. Likishindwa wiki hii, Jumatatu narudisha disketi na treni, na kisanduku hiki watakipeleka mkoa mwingine." Hakusema na wewe je. Hakukuwa na haja.

Asubuhi iliyofuata nilijitahidi kusikiliza, kwa kuwa macho hayakunisaidia. Niliiambia ile kuu inyooshe mikono, nikarudi kwangu, nikamimina. Nukta zikaanza. Nikasikia mzee akipita koridoni, nikasikia mlango wa mama, ambaye alikuwa hajafika. Nikasikia chupa ikiwekwa mezani. Kisha sauti ndogo, ta, kama ulimi unapogongwa kwenye kaakaa. Na hapohapo asilimia zikaanza.

Niliondoka kwenye kiti, nikaenda taratibu hadi kwenye mlango uliokuwa nusu wazi.

Inabidi niseme kwamba wakati ule kila mtu Dodoma alikuwa na tabia ya kuinua mkonga wa simu akipita karibu nayo. Hukuwa na wa kumpigia. Uliinua usikie kama leo ina uhai, ukarudisha, ukamtangazia mwenzako: "Leo ipo," au "Imekufa tena." Nilidhani mzee anafanya hivyo. Lakini hakurudisha. Alikuwa amesimama ameinama kidogo, mkono mmoja juu ya chupa ya chai, mkonga sikioni, na alikuwa anaongea. Aliongea Kigogo, ambacho ni lugha yangu pia, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mbukwa, mwanangu," alimsalimu. "Maharage ya juu yametoa maua. Yale ya bondeni mama yako anasema yapaliliwe tena. Mbuzi mweusi amezaa, mapacha. Usijibu. Wewe pumua tu. Nakusikia."

Nilirudi chumbani kwangu bila kukanyaga kwa kishindo. Kwenye kioo asilimia zilikuwa zimejaa.

Alipokuja na chai yangu nilimwuliza, nikitazama kikombe, "Babu, simu imelia leo?"

"Haikulia, mjukuu. Siku hizi haina haja ya kulia." Akasogea karibu. "Wananifungulia njia. Nainua tu, yupo. Hawezi kusema, si wamempasua koo? Lakini anapumua, namsikia. Ni pumzi yake ileile, ya kukwaruza. Mimi nimelala na pumzi ile chumba cha pili miaka mingapi? Siwezi kuikosea. Na ananisikiliza. Nikisema, anakata pumzi, anatega. Nikinyamaza, anaanza tena."

"Kila siku, babu?"

"Kila siku, tangu Jumatatu. Leo amepumua vizuri kuliko jana."

Alitoka. Nilikaa nikiitazama modemu, ambayo wakati huo ilikuwa imenyamaza na taa yake moja nyekundu ikiwaka.

Sikuwa mtu wa kusema, na huyu alikuwa mzee wa umri wa babu yangu. Nimwambie kwamba amekuwa akimweleza kisanduku habari za mbuzi? Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo lilinifikia taratibu kama mambo yote yanavyonifikia. Wakati faili liko kwenye waya, simu kutoka nje haiwezi kuingia. Anayepiga anasikia tu mlio wa kumwambia kuna mtu anaongea. Saa ambayo yule mpwa alisema atapiga, akitoka kupeleka uji, ilikuwa saa yangu. Kwa hiyo huenda habari za kweli zilikuwa zinagonga kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Habari zenyewe zilikuwa gani, sikujua. Binti anaweza kuwa mzima. Anaweza pia kuwa amekwisha zikwa, na baba yake anasema leo amepumua vizuri.

Karani angeweza kumwambia kwa neno moja, na angecheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. Sikutaka mzee achekwe kabla ya kujua.

Sasa, kwenye kompyuta kuu alikuwapo mtu. Mtaalamu alikuwa ametuambia kwamba kuna mwangalizi wa mashine, mchana na usiku, na kwamba kuna amri ya kumwandikia mstari mmoja, likitokea tatizo. Nilikuwa nimeitumia mara chache. Niliandika FAILI LIMEFIKA? naye akaandika LIMEFIKA DADA WA DODOMA. Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke. Nilikuwa namwogopa kidogo, lakini nikiandika, haya yangu ilipungua. Kwenye kioo hakuna anayekutazama.

Jioni nilimkuta mzee akiosha vikombe, nikamwuliza bintiye yuko wodi gani, na mpwa anaitwa nani. Alinijibu yote bila kuuliza kwa nini, labda kwa furaha tu ya kuulizwa.

Asubuhi niliingia kabla sijatuma chochote. Nikaenda kwa ile kuu, na badala ya kuiambia inyooshe mikono, nikamwandikia mwangalizi. Mstari mmoja haukutosha, nikaandika kadhaa, herufi moja baada ya nyingine. Nilimweleza kuna mgonjwa, jina lake hili, wodi hii, amepasuliwa rovu, baba yake yuko hapa na hana habari. Nilimwomba, kama anaweza, aulize. Nikamalizia: KAMA NI HABARI MBAYA NIANDIKIE PIA.

Kisha ikaja: NIKITOKA ZAMU NITAPITIA.

Siku hiyo sikutuma faili. Nilimwambia mama ukweli kwamba naomba siku moja nijue chanzo, kwamba nadhani nimekiona. Alinitazama, nadhani kwa sababu ilikuwa sentensi ndefu kwangu, akasema, "Siku moja." Na mzee alipoinua mkonga asubuhi hiyo hakusikia pumzi, kwa sababu modemu ilikuwa imelala. Alisikia ule mlio wa kawaida tu. Alipita na chai, akaniwekea kikombe upande wa kulia.

"Leo hayupo," alisema.

Nilitaka kusema kitu, nikasema, "Kesho, babu." Usiku ule nilikula ugali wa uwele na mlenda, chakula changu ninachokipenda, na sikusikia ladha.

Kesho yake nilipounganishwa, mistari ilikuwa inanisubiri. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaenda nyuma ya ofisi kwenye jiko, nikamwambia mzee, "Babu, shikamoo. Naomba uje chumbani kwangu. Kuna habari za dada."

Alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyevua viatu pale. Nilimpa kiti changu nikasimama. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea, nikifuata kwa kidole. Mwangalizi alikuwa amekwenda wodini. Binti alikuwa hai. Alipasuliwa mapema wiki iliyopita, kidonda kinakauka, analala na anapumua bila kukwaruza. Bado hasemi, ila anaandika kwenye kikaratasi, na ameandika kwamba baba asiuze mbuzi mweusi. Mpwa alikuwa akipiga simu kila asubuhi, kila asubuhi akiambiwa na ule mlio kwamba kuna mtu anaongea, hata juzi akakata tamaa, akidhani ofisi yetu ni ya watu wanaozungumza sana.

Nje treni ya mizigo ilikuwa inabadilishwa njia, mabehewa yakigongana. Kisha mzee akauliza, si kwa hasira:

"Bila kukwaruza?"

"Ndiyo, babu. Ndivyo alivyoandika."

"Basi yule aliyekuwa anakwaruza ni nani?"

Nilimwonyesha modemu. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kwamba waya ni mmoja, kwamba faili linapopita linavuma hivyo, na kwamba yeye akiinua mkonga na kusema, sauti yake inaingia katikati ya takwimu, vipande vinaharibika, ile kuu inaomba virudiwe. Nilisema yote hayo nikiwa nimeshika ncha ya kanga yangu. Nadhani sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo maishani.

"Kwa hiyo kila nilipoongea, iliomba irudiwe?"

"Ndiyo."

"Haikukasirika?"

"Haikasiriki, babu. Inaomba tu tena, mpaka ichoke."

Alikitazama kile kisanduku kwa muda. Halafu mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Basi ina adabu," alisema. "Wanangu wenyewe hawaombi nirudie." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Na Dar nzima sasa inajua mbuzi wangu amezaa."

Nilimwomba abaki akae hapo. Nikaiambia ile kuu ipokee, nikarudi kwangu, nikatuma. Modemu ilipoanza kuvuma, mzee aliinamisha sikio karibu nayo. Nilimwona akiisikiliza ile pumzi aliyoizungumzisha siku zote zile, na safari hii hakusema neno. Nukta zikajipanga, mstari baada ya mstari. Alizifuata kwa kidevu.

"Kama maharage yaliyoota vizuri," alisema kwa kunong'ona. Ilipotokea asilimia moja akanigusa. "Hapa pameruka."

"Watapanda tena, babu."

Ikatokea nukta. "Wamepanda," akasema.

Faili lote lilifika. Lilikuwa la kwanza kufika wiki hiyo, na kabla ya saa tatu niliweza kupeleka na yale yaliyokuwa yamebaki. Karani alichungulia, akamwona mzee kitini na mimi nimesimama, akasema, "Haya, Wagogo wameteka mashine, mimi narudi Tabora." Mzee akamjibu, "Nenda, na mzigo wetu uubebe." Mama alipofika nilimweleza chanzo kwa maneno machache, bila ile sehemu ya mazungumzo. Mzee ndiye aliyemsimulia mwenyewe, baadaye, akicheka, na ikawa hadithi yake, si aibu yake. Hilo lilinifurahisha kuliko kisanduku kubaki.

Tangu ujumbe ule wa kwanza nilikuwa nimemwandikia mwangalizi amwambie mpwa apige baada ya saa tatu. Simu ililia saa hizo, siku ileile. Mzee aliiacha ilie mara mbili kwanza, akatutazama sote, akainua. Alikuwa mpwa. Wiki chache mbele akapiga binti mwenyewe, sauti nyembamba kama uzi. Tuliacha vikombe vyetu tukatoka nje tumwachie chumba, lakini mbao ni mbao, tulisikia. Binti lazima aliuliza habari za shamba, maana mzee alisema, "Aa, hayo nilishamweleza mwenzio. Sema wewe. Mimi leo nasikiliza."

Tangu hapo tukawa na desturi yetu. Kabla sijaunganisha, natoka hadi mlangoni nasema, "Babu, nafunga njia," naye anajibu kutoka jikoni, "Funga." Nikimaliza nasema, "Nimefungua." Hata baada ya yeye kurudi Kibakwe kupumzika, nimeendelea kusema hivyo kwenye korido tupu, kwa sauti ambayo zamani nisingeithubutu, na anayepita anajibu, funga.

Mwangalizi sikumjua. Nilimwandikia ASANTE, akajibu MSALIMIE BABA WA MBUZI. Baadaye kompyuta kuu ilibadilishwa, amri zikabadilika, na siku niliyoandika mstari wa kumjulia hali, kioo kilinijibu kwamba amri hiyo haijulikani. Sijui kama alipitia wodini kwa miguu au kwa basi, baada ya zamu ya usiku mzima, wala kwa nini alikubali. Kama ni wewe unayesoma, au kama uliwahi kukaa upande wa pili wa waya kama ule na ukamjua mtu wa zamu zile, naomba uniandikie, hata mistari miwili. Mama mdogo bado ana taipureta yake barazani karibu na mahakama, barua zangu hupitia kwake. Na wengine wote mliosoma hadi hapa, niandikieni pia habari za kwenu. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitajibu, na nisipoelewa nitaomba mrudie.